Wewe wa Mtibwa, piga!

Winga wetu alipokea mpira upande wa jukwaa kuu, akamtoka beki wa kwanza kwa chenga ya mwili, kisha akasita. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, katikati ya wiki, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma Jiji ikicheza na timu ambayo hapa mjini haina shabiki hata wa kusingiziwa. Mzee mmoja aliyekaa ngazi moja nyuma yangu akainuka, kofia mkononi.

"Wewe wa Mtibwa, piga! Piga bwana!"

Krosi ikapigwa, ikapaa, ikaangukia nyuma ya goli kwenye vumbi. Mzee akaketi huku akisonya. Nikageuka, nikampa shikamoo, nikamtajia jina la yule kijana, ambaye Mtibwa ilikuwa klabu yake ya zamani. Akalirudia mara mbili, akatikisa kichwa kwamba amelipata. Haikupita robo saa, winga akaletewa tena mpira, na mzee akaruka juu: "Wewe wa Mtibwa!"

Akaona namtazama.

"Mwanangu," akasema, "hilo jina nikilishika leo, msimu ujao nitalipeleka wapi?"

Swali hilo haliniachi. Nimelala nalo wiki kadhaa, nimeliingiza kwenye mabishano ya vijiweni, nimelitafutia jibu la haraka nikakosa. Maana mzee hakuwa mpita njia. Wakati wa mapumziko alinitajia mabeki wa Polisi Dodoma mmoja baada ya mwingine, na namba walizovaa mgongoni. Kumbukumbu anayo. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuitumia kwa timu hii ya sasa.

Na timu hii ya sasa ndiyo ninayoipenda.

## Tulikotoka

Historia mnaijua, sitaikalia. Polisi Dodoma ilishuka mwaka 2012, tukakaa miaka nane bila timu yetu Ligi Kuu. Mwaka 2020 Dodoma Jiji ikapanda, na walioshangilia hapa mjini walishangilia kweli. Makao makuu ya nchi, mji uliotangazwa kuwa jiji Aprili 2018, ulikuwa ukiingiza mpira wa Ligi Kuu kwa kuazima: JKT Tanzania wakija kuchezea mechi zao Jamhuri, sisi tukilipa kiingilio kutazama ugenini wa watu wawili.

Mwaka ule tulipanda pamoja na Gwambina ya Misungwi na Ihefu ya Mbarali. Angalieni wenzetu wameishia wapi. Gwambina ilishuka msimu uleule wa kwanza. Ihefu ilishuka nayo, ikarudi, kisha ikahamishiwa Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wameachiwa picha kwenye simu.

Sisi, ndani ya misimu mitano ya mwanzo, hatukushuka hata mara moja.

Nalisema hilo kabla ya lolote kwa sababu wanaoikosoa timu hii mara nyingi hulisahau, na uongozi una haki ya kulisimamia kifua mbele. Timu ya halmashauri, kwenye ligi ambayo Simba na Yanga zinasajili kutoka bara zima, imesimama misimu mitano. Si jambo dogo.

Lakini ndani ya sifa hiyohiyo ndimo ninamoona tatizo.

## Hesabu za kutoshuka

Ligi ina timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mchujo. Maana yake robo ya ligi nzima inamaliza msimu ikiwa na homa. Kocha wa timu kama yetu anaamka kila siku akiziona nafasi hizo nne.

Kocha huyo, dirisha la usajili likifunguliwa, atamchukua nani? Atamchukua mchezaji anayeijua ligi. Aliyewahi kucheza Mtibwa, Kagera, Namungo, Mashujaa. Mwenye miaka thelathini na kidogo, anayejua kupoteza muda kwenye kibendera cha kona dakika ya 88. Atampa mkataba wa mwaka mmoja au atamwomba kwa mkopo, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu mechi nne akifungwa mfululizo mzigo utakuwa wake peke yake.

Hesabu za kocha ni sahihi. Za klabu ndizo zinazopinda.

Makocha wenyewe wamepita wengi. Mbwana Makata wa msimu ule wa kwanza, Masoud Djuma aliyetokea Burundi kwa kupitia benchi la Simba, Melis Medo, Francis Baraza, Mecky Maxime. Sikutaja kila mmoja. Wote ni watu wanaoijua kazi, na simdharau hata mmoja. Maxime amekuwa nahodha wa Taifa Stars kabla hatujajua Dodoma Jiji ni kitu gani. Ila kila mmoja ana macho yake. Huyu anataka viungo wenye nguvu, huyu anataka mabeki wa pembeni wanaopanda, huyu anataka straika mrefu. Anakuja na orodha yake. Wale wa mwenzake waliotangulia wanaonekana hawafai, wanaachwa dirisha dogo, na sisi jukwaani tunaanza upya kusoma migongo ya jezi.

Ndiyo maana mzee wangu anatumia jina la klabu ya zamani. Ni anwani pekee aliyonayo.

## Kijiweni

Nililipeleka swali la mzee kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na Sabasaba, ambako mpira unajadiliwa kuanzia alfajiri hadi abiria wa mwisho. Walijigawa papo hapo.

Wapo walioshikilia kwamba ni hela. Timu ikipata mdhamini mzito, wachezaji watabaki. Wapo waliosema ni kocha, apewe misimu mitatu asiguswe. Na yupo kijana mmoja, shabiki wa Simba wa kupindukia, jezi ameivaa ndani ya koti la bodaboda, ambaye alinijibu kwa upole kuliko wote.

"Kaka, mimi nimezaliwa Chang'ombe hapahapa. Kwenye ile timu simwoni mtu wa kwetu. Nikiitazama naona ni timu ya ofisini. Nishangilie ofisi?"

Wenzake walimzomea. Mimi sikuweza.

Kuna jambo kuhusu mji huu ambalo lazima lisemwe. Tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, Dodoma imejaa watu waliokuja na mapenzi yao tayari. Mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, kutoka Temeke hakuiacha Yanga yake kwenye kituo cha basi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Mtu amerithi timu hiyo kwa babu. Simba au Yanga inapokuja Jamhuri uwanja unafurika, na wenyeji tunageuka wageni kwenye nyumba yetu. Hilo silinung'unikii. Shida yangu ni kwamba hata mtoto wa Nkuhungu, wa Kikuyu, wa Chang'ombe, ambaye hakuhamishwa na mtu, naye hana kamba ya kumfunga na timu ya mji wake. Ameangalia kikosi, hakuona jirani.

## Usiku wa ajali

Kuna usiku mmoja tu ambao nimesikia mji huu ukiulizana majina ya wachezaji wa Dodoma Jiji.

Februari 2025 timu ilikuwa ikirudi kutoka Ruangwa, imetoka sare na Namungo, basi likapata ajali mkoani Lindi. Mnakumbuka picha zile. Wachezaji na watu wa benchi walijeruhiwa, na kwa rehema za Mungu hatukuzika mtu.

Dada yangu, ambaye hajawahi kukanyaga Jamhuri na mpira anauona kelele, alinipigia simu. "Yule mtoto anayepiga kwa mguu wa kushoto, mzima?" Alimjua kwa sababu kijana huyo alikuwa akinunua vocha na maji dukani kwake, akimsalimia kwa heshima. Hakujua anacheza namba ngapi. Alijua ana mama, na kwamba mama huyo yupo mbali na lazima ameona picha za basi.

Mechi yetu na Simba ikaahirishwa. Ilipochezwa Machi, tulifungwa 6 bila. Usiku huo simu yangu ilijaa vikaragosi vya kucheka, kutoka kwa watu wa Dodoma. Vijana ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanatolewa ndani ya basi walikuwa wamesimama mbele ya moja ya timu mbili kubwa za nchi wakisukumwa goli baada ya goli, na jirani zao walikuwa wanacheka.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilichojifunza hapo si kwamba watu wa Dodoma ni wabaya. Dada yangu ni mtu wa Dodoma, na hao waliocheka ni watu wa Dodoma. Tofauti ya dada yangu na wao ni kwamba yeye alikuwa na mtoto mmoja kwenye kikosi kile anayemjua. Basi. Mmoja tu alitosha kumfanya asilale.

## Mbeya walifanya nini

Kila nikisema haya naambiwa haiwezekani, timu ya halmashauri haiwezi kupendwa, ni idara tu kama idara nyingine. Nami huwa najibu kwa neno moja: Mbeya.

Mbeya City nayo ni ya halmashauri ya jiji. Ilipanda mwaka 2013. Msimu wake wa kwanza kabisa, 2013/14, ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam iliyotwaa ubingwa na Yanga. Juma Mwambusi alikuwa ameingia Ligi Kuu na kundi lilelile alilopanda nalo, vijana waliojuana, na nyuma yao mji mzima uliovaa zambarau. Walisafiri na timu. Walijaza viwanja vya watu. Mtoto wa Mwanjelwa aliweza kukuimbia kikosi cha kwanza kuanzia kipa.

Halmashauri ileile yenye madiwani, yenye wakaguzi, yenye vikao vya bajeti.

Hapa ndipo hoja yangu mwenyewe ilipoanza kunipa tabu, kwa sababu mkitaja Mbeya lazima muitaje hadi mwisho. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga, Mwambusi mwenyewe akaenda benchi la Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Kundi likafumuka. Nyuma yao hapakuwa na kundi jingine la kimo hicho lililokuwa tayari. Timu ikaanza kuishi kama tunavyoishi sisi, msimu kwa msimu, na mwaka 2023 ikashuka. Imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, lakini ile ya zambarau ya 2014 haijarudi.

Kwa hiyo kuwabakiza wachezaji peke yake hakutoshi. Ukiwa na kikosi kimoja kizuri na hakuna kinachochemka chini yake, umejenga sherehe ya misimu miwili. Nililikubali hilo kwa shingo upande, likanipeleka kwenye uwanja mwingine.

## Chupa za mchanga

Nkuhungu kuna kiwanja ambacho si kiwanja, ni nafasi iliyosahaulika kati ya nyumba. Jioni hukusanyika watoto wa miaka kumi na mbili hadi kumi na sita. Mwalimu wao ni kijana mwenye filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Koni hana. Amezijaza mchanga chupa za maji za lita moja na nusu, akazipaka rangi nyekundu shingoni ili zionekane vumbi likiinuka, na kila mtoto anapomaliza kuzizunguka na mpira anatakiwa aisimamishe aliyoiangusha kabla ya mwenzake kuanza. Ukiangusha tatu, unarudi nyuma ya mstari. Hakuna kelele, hakuna matusi. Kulikuwa na mmoja mwembamba, anacheza kwa soksi bila njumu, ambaye alizunguka chupa zote huku kichwa chake kimeinuka, akiangalia mbele. Mpira aliusikia kwa mguu.

Nilimuuliza mwalimu huwa wanakwenda wapi wakikua.

"Nikiwapeleka kwenye majaribio wanaambiwa hawana uzoefu," alisema. "Sasa kaka, uzoefu wa Ligi Kuu mtoto ataupata Nkuhungu?"

Klabu hakuitaja, nami sikumdai. Jibu hilo lingetoka klabu yoyote inayofanya zile hesabu za kutoshuka.

Na msiniambie Dodoma haina vipaji. Aprili 2023, kwenye mashindano ya shule za Afrika ya CAF, shirikisho la soka la bara hili, yaliyofanyika Durban, Afrika Kusini, wasichana wa Fountain Gate walitwaa ubingwa wa bara. Wasichana waliokuwa wakisoma hapahapa Dodoma. Waliifunga shule ya Morocco kwenye fainali, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola 300,000 kwa ajili ya shule. Bara zima! Na bado vijiwe vyetu havikuwahi kuwajadili wasichana hao hata robo ya muda tunaotumia kujadili nyonga ya straika wa Yanga. Hilo ni deni letu mashabiki, wala si la uongozi wa timu yoyote.

Shule ile ilifanya jambo gani ambalo timu yetu ya wanaume haijafanya? Iliwachukua wakiwa wadogo, ikawaweka pamoja, ikawaacha wakue pamoja. Hakuna siri nyingine. Lakini hata jina hilo la Fountain Gate, kwa upande wa wanaume, lilikwenda Singida, kisha likaishia Babati. Kanda hii ya kati timu zinahama na majina yanabadilishwa kiasi kwamba watu wa Singida wameshangilia Singida United, wakashangilia Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, na sasa wanashangilia Black Stars, wote wakiwa wamekaa kwenye ngazi zilezile za uwanja wa Liti.

Dodoma Jiji haiwezi kununuliwa na kuhamishwa hivyo, kwa kuwa mwenyewe ni jiji. Hiyo ndiyo nguvu kubwa kuliko zote tulizonazo, na tunaichezea. Klabu isiyoweza kuhama ndiyo klabu inayostahili kupanda miti ya muda mrefu. Mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma hang'oi mizabibu kila mwaka kwa sababu mvua za mwaka huu zimekuwa chache.

## Hela ya zahanati

Binamu yangu ni muuguzi. Nilipomsomea rasimu ya makala hii aliniacha nimalize, kisha akasema jambo lililonikalisha chini.

"Unataka jiji liweke fedha zaidi kwenye mpira. Njoo wodini kwetu usiku mmoja, uniambie ziweke wapi."

Hoja hiyo haina jibu jepesi na sitajifanya ninalo. Fedha ya halmashauri ni ya watu wote, pamoja na wale ambao mpira hauwahusu. Mama anayelipa ushuru Soko la Majengo ana haki ya kuuliza kwa nini ushuru wake unamlipia mtu nauli ya kwenda Bukoba kucheza mpira.

Nilichomjibu, baada ya kulala nalo, ni hiki. Sitaki ziongezwe. Nataka zile zinazotumika tayari zitumike kwenye vitu vinavyobaki. Mapato ya klabu za Ligi Kuu si ya mlangoni peke yake siku hizi. Mkataba wa Azam Media wa 2021, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, umeipa kila klabu fungu lake. Mchezaji wa mkopo wa miezi sita akiondoka, jiji halibaki na kitu. Hata mchezaji mzuri wa mkataba mfupi akiondoka ni hivyohivyo. Msimu wetu wa kwanza tu Dickson Ambundo aling'ara hapa, na mwaka 2021 akaenda Yanga. Tulifurahi kwa ajili yake, na tulistahili kufurahi. Lakini klabu nyingi ndogo duniani zinaishi kwa kulea na kuuza, na huwezi kuuza kijana ambaye hukumlea wala hukumfunga kwa mkataba wa miaka mitatu.

Kijana wa Nkuhungu aliyelelewa na klabu kuanzia miaka kumi na tano, akiuzwa akiwa na ishirini na mbili, anaweza kurudisha fedha ambayo hata binamu yangu angeiona. Anaweza pia asiuzwe kamwe. Vipaji vingi vinafia njiani, magoti yanaumia, wengine wanaacha wakatafute kazi. Binamu yangu alisikiliza akasema, "Sawa, lakini hilo la kuuza mtu niandikieni kwenye bajeti, nione mwaka gani." Ana haki ya kulidai. Ningependa diwani wetu mmoja alidai pia.

## Nani anabaki kocha akiondoka

Nimezunguka mbali, nirudi kwenye uongozi, kwa kuwa ndiko maamuzi yaliko.

Mabishano yetu mengi ni ya kocha: afukuzwe, asifukuzwe. Mimi nimeacha kubishania hilo. Makocha wataendelea kuondoka, kwa matokeo, kwa ofa nono, kwa kuchoka. Ninachouliza ni nani anayebaki na orodha. Klabu inahitaji mtu mmoja wa mpira, si wa ofisi, ambaye kazi yake ni kikosi cha miaka mitatu mbele. Ambaye kocha mpya akiingia na majina yake nane, atamwambia: chagua mawili, hawa wengine unao tayari. Mtu huyo awe anawajua watoto wa chupa za mchanga kwa majina. Awe ameangalia UMISSETA ya mkoa, michezo ya shule za sekondari, kwa macho yake, siyo kwa kusimuliwa. Na apewe ulinzi wakati timu iko nafasi ya 13, maana hapo ndipo kila mtu atakapotaka orodha yake ichanwe.

Nafasi ya 13. Hapo ndipo najua hoja yangu itapimwa, na naogopa. Ikifika Machi tuko chini, golini tunafungwa, na kijana wa miaka kumi na tisa amepoteza mpira uliozaa goli, je, mimi mwenyewe nitasimama jukwaani niseme aachwe acheze? Nataka kuamini nitasema hivyo. Najua wengi waliokaa karibu nami watataka yule wa miaka thelathini na kidogo. Kushuka daraja si nadharia. Miaka nane bila timu tumeishi sisi wenyewe, na mzee wangu aliishi akiwa mtu mzima.

Ila naiona na hatari ya upande wa pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Uwanja mpya uko njiani hapa Dodoma. Tumeusubiri tangu ahadi ya Mfalme wa Morocco mwaka 2016, na sasa habari ni za Nzuguni. Utakuwa mzuri, utakuwa na nyasi, utakuwa na viti. Utafunguliwa kwa mechi ya Simba au Yanga, na utajaa. Wiki itakayofuata tutacheza sisi, katikati ya wiki, saa kumi jioni, na timu isiyo na shabiki hata wa kusingiziwa. Viti vingi vya bluu na vyekundu, na watu walewale mia kadhaa tuliokuwa Jamhuri, tukitafutana kwa macho.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na nitaliomba hadharani kwa kila kiongozi wa timu nitakayekutana naye. Dirisha kubwa lijalo lifungwe tukiwa na wachezaji kumi na wanane walewale waliomaliza msimu. Wawili kati ya watakaoongezwa watoke viwanja vya hapa, na wawe na mikataba ya miaka mitatu iliyotangazwa kwa majina yao kamili. Kocha atakayekuwepo, mpya au wa zamani, awakute hapo na afanye nao kazi.